Barua ya wazi kwa wakubwa wa takwimu na afya: kata isiyoleta ripoti msiipake kijani

Kwenu wakubwa mnaosimamia takwimu, afya na serikali za mitaa, kuanzia wizarani, mikoani mpaka kwenye halmashauri zetu,

Shikamooni wote mnaostahili, na wa rika langu habari za kazi.

Naandika wazi kwa sababu hili jambo la kata zisizoleta ripoti kupakwa kijani kwenye ramani limeshasemwa sana kwenye vikao, linajibiwa "tumelipokea", alafu ramani ya robo mwaka inayofuata inakuja vile vile. Kazi yangu ni data, yaani nachukua namba zilizojumlishwa toka vituo vya afya, shule na kata nazigeuza kuwa ramani ili mkubwa akiangalia ukutani aone wapi pana shida na wapi pako sawa, na ni kazi ninayoiamini kabisa maana nimeona jinsi kikao kilichokuwa kinasinzia juu ya jedwali la kurasa ishirini kinavyoamka ramani ikiwekwa. Watu wanasogea mbele, kila mmoja anatafuta kwao, diwani anauliza mbona kata yangu nyekundu. Hakuna kitu kingine kinachofanya namba zisomwe hivyo. Ndo maana inaniuma, kwa sababu kitu chenye nguvu kiasi hicho kikipakwa vibaya kinapeleka vyandarua, dawa na fedha pasipo pake na hakuna atakayejua, maana aliyenyimwa hata hayupo kwenye kikao.

Ninachoomba ni kwamba rangi isiseme kitu ambacho namba haikusema. Na pa kuanzia, kabla ya mengine yote, ni zile sehemu ambazo namba hazikuja kabisa.

Wengi mnaijua njia ya hizi namba lakini naomba niipitie taratibu, maana shida inaanzia huko chini. Mtoto anafika zahanati na homa, anapimwa kwa kipimo cha haraka cha malaria, nesi anaandika kwenye kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa ya kituo. Mwisho wa mwezi huyo huyo nesi, ambaye saa ingine ndo huyo huyo anayezalisha, anayechoma chanjo na anayegawa dawa, anakaa na vitabu anatali mistari mitano mitano, anajumlisha, anajaza fomu ya ripoti ya mwezi. Fomu inapelekwa wilayani, kwa bodaboda au na mtu anayekwenda mjini, inaingizwa kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo ambao kwetu umefanyiwa kazi kwa miaka na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na toka 2013 unatumika nchi nzima. Humo ndani namba ya zahanati inajumlishwa na za wenzake inakuwa ya kata, kata zinakuwa halmashauri, halmashauri zinakuwa mkoa, na mwisho mtu akibonyeza sehemu ya ramani inatoka picha yenye rangi. Kuna hatua ngapi hapo ambapo kitu kinaweza kukwama? Vitabu vinaisha, mvua inakata barabara, nesi yuko likizo ya uzazi na hakuna wa kushika nafasi, umeme, mtandao. Na mara nyingi panapokwama ndo huko huko mbali, kando ya mto, visiwani, kwenye mbuga, yaani panapougua zaidi.

Sasa ripoti isipofika, ile kata inakuwa na nini kwenye mfumo? Haina kitu. Na kitu ambacho wakubwa wengi hamjaambiwa ni kwamba DHIS2 yenyewe isipowekwa mpangilio maalum haihifadhi sifuri, mtu akiandika 0 kwenye fomu ya kompyuta inachukuliwa kama hajaandika, isipokuwa kama aliyetengeneza hicho kipengele aliruhusu sifuri zitunzwe. Kwahiyo kituo kilichopima watoto wote mwezi mzima kisimkute hata mmoja mwenye malaria, na kituo ambacho hakikuleta kabisa ripoti, vinaweza kuonekana sawasawa! Alafu anakuja mtu wa ramani, anatoa data kwenye mfumo anaipeleka eksel, anaona visanduku vitupu, anajaza sifuri ili hesabu ziende, na sifuri kwenye ramani ya ugonjwa ni kijani, na kijani machoni mwa mkubwa ni salama.

Nilikuwepo kwenye kikao cha halmashauri moja, ipi haina maana hapa kwa sababu ingeweza kuwa yoyote. Projekta inawaka, ramani ya malaria ya robo mwaka, kata karibu zote njano na nyekundu ila moja tu ya bondeni iko kijani safi kabisa. Mwenyekiti akasema hawa wapongezwe na wengine wakajifunze kwao. Mganga mfawidhi wa zahanati ya huko, mama mmoja, alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akanyoosha mkono, akasimama, akasema mheshimiwa samahani, sisi vitabu vilituishia na daraja likaondoka na maji, ripoti zetu za miezi yote mitatu bado ziko mezani kwangu, nimekuja nazo leo. Akazitoa kwenye mfuko wa nailoni. Karatasi zimekunjamana, zimejazwa kwa kalamu ya bluu, na safu ya waliopimwa wakakutwa na malaria ilikuwa ina tarakimu tatu kila mwezi. Ukumbi ukanyamaza, kikao kikaendelea na ajenda inayofuata, na kwa nilivyofuatilia mgao wa vyandarua vya nyongeza ulishafungwa kabla ya siku ile kwa ramani ile ile. Simlaumu mwenyekiti maana alisoma alichoonyeshwa. Yule mama wa zahanati asingekuja siku hiyo, ile kata ingebaki mfano wa kuigwa.

Dawa yake haina gharama wakubwa zangu. Sehemu isiyo na ripoti ipakwe kijivu au ichorwe mistari ya mshazari, iandikwe kwenye ufunguo "taarifa haijafika". Na kama ripoti zimefika nusu, basi isemwe zimefika nusu, maana mfumo wenyewe unahesabu asilimia ya ripoti zilizofika kwa kila kituo na kila kata, haihitaji mtaalamu toka nje. Mi ningeomba hata zaidi, kwamba hakuna ramani ya ugonjwa inayoingia kwenye kikao bila ramani ndogo pembeni yake ya kufika kwa ripoti. Mkiona kata ni kijani na ripoti zimefika asilimia mia, pongezeni kwa moyo wote. Mkiona kijani na ripoti zimefika asilimia thelathini, tumeni gari.

La pili ni hizi ramani za idadi tupu, na hili naona limeota mizizi mpaka kwenye taasisi kubwa. Mtu anachukua jumla ya wagonjwa kila mkoa anapaka, wengi nyekundu, wachache njano. Matokeo yake kila ramani inafanana! Ukipaka malaria, ukipaka ajali, ukipaka wanafunzi, ukipaka laini za simu, mikoa ile ile inakolea, kwa sababu unachokichora hapo ni wapi kuna watu wengi. Sensa ya 2022 imetupa namba nzuri kabisa, tulikuwa 61,741,120, Dar es Salaam peke yake 5,383,728, Katavi 1,152,958. Tuseme, nasema tuseme tu, mikoa yote miwili imeleta wagonjwa 100,000 wa kitu fulani. Kwenye ramani ya idadi zina rangi moja. Ila ukigawa kwa watu, Dar ni kama wagonjwa 19 kwa kila watu 1,000 na Katavi ni kama 87. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara nne, na hiyo ndo tofauti ambayo mgao wa dawa unatakiwa uijue.

Na hili wala halijagunduliwa jana. Mfaransa Charles Dupin mwaka 1826 alichora ramani ya elimu ya Ufaransa, kila jimbo na kivuli chake toka weupe mpaka weusi, inahesabika kuwa ramani ya kwanza ya aina hii. Yeye hakupaka idadi ya wanafunzi, alipaka kuna watu wangapi kwa kila mwanafunzi mmoja wa kiume. Karibu miaka 200 iliyopita, bila kompyuta, ya kwanza kabisa ilishagawanywa kwa watu. Sisi tuna vishikwambi na setilaiti.

Tena namba ya kugawia yenyewe iwe ya mwaka husika na ya kundi husika. Toka sensa ya 2012 tulipokuwa 44,928,923 mpaka 2022 tumeongezeka zaidi ya theluthi, na ongezeko halikugawanyika sawa, pembezoni mwa miji watu wamejaa mahali palipokuwa na mashamba ya mihogo. Ndo mnakuta ramani ya chanjo ina kata ya asilimia 130, imepakwa kijani iliyokolea kuliko zote. Hakuna mahali ambapo watoto waliochanjwa wanaweza kuzidi watoto waliopo. Ile 130 mara nyingi ina maana moja kati ya mbili, ama namba ya kugawia imepitwa na wakati au akina mama wanatoka kata jirani kuja kuchanjia hapo, na ikiwa ni hili la pili basi kata jirani inaonekana mbovu wakati watoto wake wamechanjwa vizuri tu, ila ng'ambo ya barabara.

Hapo ndo naomba mkae kidogo, kwa sababu ni kitu kinachosahaulika kila siku. Data za vituo zinahesabu mtu pale alipotibiwa, hazimhesabu anapoishi. Chukueni Muhimbili. Iko Upanga, na inapokea rufaa toka kila kona ya nchi, mtu ametoka Kigoma, mwingine Ruvuma, mwingine Lindi. Ukichukua vifo vilivyotokea vituoni ukavigawa kwa wakazi wa kata alafu ukapaka, Upanga itatoka kama sehemu ya hatari kuliko zote Tanzania, na itakuwa hivyo hivyo panapokaa Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi. Hakuna anayeamini hilo kwa sababu hospitali hizo zinajulikana. Lakini shuka mpaka kwenye wilaya ya kawaida, kata yenye kituo cha afya chenye maabara na kata nne zinazoizunguka zenye zahanati tupu, ramani itasema ile yenye maabara ndo inaugua, na hapo hakuna wa kushtuka kwa sababu inaonekana kama ukweli. Kwenye vitabu vya MTUHA mtu anaandikwa anapotoka, kijiji au mtaa. Hiyo safu ipo, nesi anaijaza, na jioni ya mwisho wa mwezi ikijumlishwa inapotea. Nawaomba mtafute namna ya hiyo safu kufika juu hata kwa magonjwa machache tu tuliyoyapa kipaumbele, kipindupindu, malaria, vifo vya uzazi.

Alafu kuna suala la ukubwa wa ardhi, jicho la binadamu linaamini kikubwa ndo muhimu. Tabora ina kilomita za mraba 76,151, Dar ina 1,393, kwahiyo kwenye ramani Tabora ni zaidi ya mara hamsini ya Dar wakati watu wa Tabora ni 3,391,679, wachache kuliko wa Dar. Ukipaka nyekundu Tabora ukuta mzima unawaka. Mjini Magharibi kule Unguja wanaishi watu 893,169 kwenye kama kilomita za mraba 230 tu, na kwenye karatasi ya A4 huo mkoa ni nukta, kama haujafichwa kabisa na jina la Zanzibar lililoandikwa juu yake. Nenda kusini, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ina kilomita za mraba 30,893, zaidi ya mara ishirini ya Dar nzima, hakuna kijiji humo, ila inapakwa rangi ya wilaya iliyomo kana kwamba tembo nao wamepimwa. Mwanza zaidi ya nusu ya eneo la mkoa ni maji, na nimeona ramani ambazo ziwa limepakwa rangi ya umaskini.

Mbuga na maziwa vikatwe, viachwe na rangi yake. Idadi tupu kama inahitajika kweli, na inahitajika, maana anayeagiza dawa anataka kujua maboksi mangapi, ichorwe kwa duara, duara kubwa penye wengi na dogo penye wachache, juu ya ramani isiyo na rangi. Na visiwa vichorewe kisanduku chao pembeni kwa ukubwa unaosomeka, Unguja, Pemba, Mafia, Ukerewe. Na kuhusu Zanzibar, najua afya si jambo la muungano, wizara ya Bara data zake ni za Bara, sawa, lakini basi ramani iandikwe Tanzania Bara kwenye kichwa, maana kuandika Tanzania alafu Pemba ikawa nyeupe kunafanya msomaji afikirie huko hakuna kitu.

Kwenye mipaka nako kuna vurugu. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni mikoa toka 2012, Songwe ilitoka Mbeya 2016, na bado mpaka leo watu wanapakua faili la mipaka la zamani toka mtandaoni, wanakuja na Mbeya kubwa iliyobeba Songwe, alafu namba za Songwe zinakosa pa kukaa zinadondoka kimya kimya. Chini kwenye halmashauri na kata ndo usiseme, kila uchaguzi unakaribia kata zinagawanywa. Anayelinganisha 2012 na 2022 bila kurudisha mipaka iwe ile ile anaweza kutangaza kwamba kata fulani imepoteza nusu ya watu wake, kumbe imezaa kata ya pili.

Na majina jamani. Kuunganisha jedwali na ramani kwa kutumia jina ni hatari, nawaomba sana. Kuna kata inaitwa Majengo Moshi, kuna Majengo Dodoma, kuna Majengo Songea. Kompyuta haijui unaongelea Majengo gani. Wilaya moja kwenye jedwali hili imeandikwa kwa kifupi cha halmashauri, kwenye lile imeandikwa "Vijijini", kwenye la tatu kuna nafasi ya ziada mbele ya jina ambayo jicho haliioni, na zote hizo zikishindwa kushikana ile wilaya inabaki nyeupe, tunarudi pale pale pa mwanzo, nyeupe inasomeka kama hakuna shida. Sensa inatoa namba ya utambulisho kwa kila eneo. Hizo namba ziwe lazima kwenye kila jedwali la serikali, elimu, maji, afya, kilimo, wote watumie zile zile. Likifanyika hili peke yake vijana wengi kwenye ofisi zenu watarudishiwa siku nyingi za kazi.

Madaraja ya rangi, yaani namba kuanzia ngapi mpaka ngapi zipate rangi gani, nayapitia haraka ila msiyapuuze. Ukichukua msongamano wa watu Bara, Dar ina karibu watu 3,865 kwa kilomita ya mraba, wakati Mwanza yenyewe ambayo tunaiona imejaa haifiki hata 400. Ukikata madaraja matano ya upana sawa, Dar inakaa juu peke yake na mikoa mingine yote ya Bara inaangukia daraja la chini, Kilimanjaro na Lindi rangi moja! Ukikata kwa namna nyingine picha inageuka kabisa na namba ni zile zile. Kwahiyo mwenye ramani aseme amekata wapi na kwa nini, na robo inayofuata asibadilishe mikato, maana nimeshaona wilaya inatoka nyekundu kwenda njano bila mgonjwa hata mmoja kupungua, mikato tu imesogea. Na nyekundu na kijani pamoja tuziache. Kuna watu macho yao hayatofautishi hizo mbili, na wote wengine wanapata ile ramani kwa fotokopi, maana toka wilayani mpaka kwa mtendaji wa kata printa ni ya wino mweusi, na kwenye fotokopi nyekundu na kijani vyote vinakuwa kijivu kile kile. Rangi moja inayoanza hafifu na kukolea inasomeka hata ikipigwa kopi ya kopi. Cynthia Brewer wa Chuo Kikuu cha Penn State aliziandaa rangi za namna hiyo zamani tu, ziko ndani ya QGIS, programu ya kuchora ramani, ni bure.

Tunaweza, na sisemi hivi kwa kuwapa moyo. Mkiangalia malaria yenyewe, utafiti wa kaya wa 2022 ulionyesha watoto wa chini ya miaka mitano wenye vimelea ni asilimia 8.1 kitaifa, ila Tabora ni 23.4. Namba hizo zimetokana na sampuli ya mkoa, haziwezi kushuka zikasema chochote kuhusu wilaya zake, Sikonge peke yake au Nzega peke yake, na walioandaa mpango mkakati wa malaria wa 2021–2025 waliliona hilo, wakachanganya vipimo vya wanafunzi shuleni, vipimo vya wajawazito kliniki na data za vituo, wakagawanya halmashauri kwa makundi ya hatari toka ya chini sana mpaka ya juu, kila kundi na afua zake. Hiyo ni kazi ya Watanzania na wenzao, na ni ramani ambayo mtu anaweza kuitetea mbele ya diwani yoyote. Kumbukeni pia Tandale kule Dar, mwaka 2011 vijana wa pale pale walitembea vichochoro na GPS wakaiweka mitaa yao kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, na toka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaendelea na wanafunzi wa vyuo kwenye kata zinazofurika za Dar. Watu wa chini hawaogopi ramani. Mkiwarudishia ramani ya kata yao watawaambia kilichokosewa ndani ya dakika tano, kama yule mama wa zahanati.

Ila hapo naomba tahadhari moja, tukishuka chini sana tunafika kwenye nyumba ya mtu. Kata yenye wagonjwa wawili wa kifua kikuu sugu, au mtaa wenye binti mmoja wa miaka 14 aliyejifungua, ukipaka na namba zake kijiji kizima kinajua ni nani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria ni utu. Namba ndogo zifichwe au ziunganishwe na kata jirani, na iandikwe kwamba zimeunganishwa.

Na mwisho, ramani ikitoka itoke na jedwali lake. Picha iliyobandikwa ndani ya ripoti ya PDF haikaguliki, mtu wa chuo, mwandishi wa habari, diwani mwenye laptopu, hakuna anayeweza kuhakiki rangi bila namba. Ofisi ya taifa ya takwimu iliwahi kutoa hadharani mipaka ya kata za sensa ya 2012 na sisi wa kazi hii tulinufaika sana, basi wengine wafuate. Chini ya kila ramani paandikwe idadi au kiwango, imegawanywa kwa watu gani wa mwaka gani, mipaka ya mwaka gani, mtu kahesabiwa anapotibiwa au anapoishi, ripoti zimefika asilimia ngapi. Ni mistari mitatu tu ya maandishi madogo.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na ramani zitakazobebwa kwenye vikao vya bajeti zinaandaliwa miezi kabla, saa ingine na kijana mmoja kwenye ofisi moja usiku mmoja kwa sababu mkubwa ameitaka kesho asubuhi. Huyo kijana atafanya mtakachomwagiza. Mwagizeni aanze na ile ya kijivu, ya nani hajaleta ripoti, na mumpe siku mbili za kupiga simu kwenye vituo kabla hajagusa rangi nyingine yoyote.

Wenu katika kazi,
mtengeneza ramani